Kusomana kwa taarifa za bidhaa na mfumo wa biashara
Kwa wauzaji rejareja, huku ni kuunganisha hifadhi ya majina, picha na vipimo vya bidhaa na programu inayosimamia stoo, bei, manunuzi na kodi. Kiungo ni namba moja ya bidhaa, kwa kawaida bakodi. Bakodi zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika linalosajili namba hizo nchini, huanza na 620. Kwa mfano, mafuta ya alizeti huuzwa kwa chupa ya lita 1 au dumu la lita 20, na kila ujazo unadai namba yake. Namba zikichanganywa, kaunta huuza chupa huku stoo ikipunguza dumu, na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) hubeba kosa hilohilo. Kwa hiyo, kusafisha orodha ya bidhaa lazima kutangulie kununua programu.