Kukoroma na pumuzi kukatika usiku: apnea ya usingizi inajulikana namna gani?

Mtu anakoroma kwa nguvu, kisha kimya. Sekunde kumi zinapita, ao ishirini. Halafu anashtuka, anavuta hewa kama mwenye kutoka ndani ya maji, anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu.

Hiyo ndiyo apnea ya usingizi. Wengine wanasema ni ulozi, kwamba mtu anakabwa usiku. Kumbe ni koo: misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inafungika. Oksijeni inapunguka ndani ya damu, na ubongo unaamsha mwili ili upumue. Waganga wanahesabu kila pumuzi inayokatika sekunde 10 ao zaidi. Kuanzia mara 5 kwa saa ni lazima kufuatilia. Kuanzia mara 30, ugonjwa ni mkali.

Mchana, mgonjwa anasinzia hata kwenye usukani. Kwa motari ao shofere wa lori, hapo ni hatari ya kifo. Kuna pia wanaomeza dawa za tansio kila siku bila tansio kushuka, na hakuna aliyewauliza wanalala namna gani.

Mwenye kulala pembeni ndiye shahidi. Aende pamoja na mgonjwa kwa munganga, ao arekodi mkoromo kwa telefone. Munganga ataangalia koo, atapima uzito, tansio na shingo (kupita sentimita 40 ni alama mbaya, ingawa hata wembamba wanapatwa). Kuna pia maswali 8 ya Epworth, yaliyotolewa mwaka 1991: unasinzia ukisoma? Ukiwa abiria garini? Kupita alama 10 juu ya 24, usingizi huo wa mchana si wa kawaida.

Lakini uhakika unatoka kwenye kipimo cha usiku mzima: mshipi kifuani, kamrija puani, na kile kifaa cha kidole kilichojulikana wakati wa Covid. Kukiweka kidoleni mchana tu hakutoshi, juu mchana oksijeni inaweza kuwa sawa kabisa. Kipimo hiki hakiko kila pahali. Munganga aulizwe hospitali gani inakifanya.

Wakati wa kungojea, mgonjwa alale kwa ubavu, aache pombe ya jioni, na asinunue dawa za usingizi kama Valium bila munganga: zinalegeza koo zaidi. Mtoto anayekoroma kila usiku apimwe mafindofindo. Mara nyingi yakitolewa, anapumua vizuri.