Bakora ya Upanga

Bakora ya upanga ni fimbo ya kutembelea iliyotobolewa ndani ikafichwa upanga mwembamba. Kishikio chake ndicho mpini wa upanga. Sehemu ya chini ndiyo ala. Mahali sehemu hizo mbili zinapokutana hufunikwa kwa pete ya fedha au shaba, na mpita njia haoni chochote zaidi ya fimbo nzuri. Wafaransa huiita canne-épée, Wajapani shikomizue, na nchini India hujulikana kama gupti, jina lenye asili ya kufichika.

Ulaya, silaha hii ilienea mwishoni mwa karne ya 18, mabwana wa mijini walipoacha kuvaa upanga kiunoni. Fimbo ilichukua nafasi yake kama alama ya hadhi, lakini barabara za usiku zilibaki na wezi wake. Mafundi wa karne ya 19 walitumia henzirani au mpingo kwa fimbo, na vyuma vya Toledo au Solingen kwa upanga. Vyuma vingi vilikuwa vya pembe tatu au nne, visivyo na makali, kwa sababu vilikusudiwa kuchoma, si kukata. Baadhi ya bakora zilishikana kwa kubanana tu, nyingine zilizungushwa kidogo ndipo zikafunguka, na zilizo bora zilikuwa na kitufe chenye kamani. Nchini Japani, amri ya mwaka 1876 iliyowakataza samurai kuvaa upanga hadharani iliongeza haja ya shikomizue.

Katika kutafuta jina la Kiswahili, mkongojo haufai: huo ni wa mzee au mgonjwa anayeuegemea, ilhali fimbo hii ilibebwa kwa madaha. Kifimbo ni kifupi mno. Bakora ndiyo inayolingana nayo, kwa kuwa tangu zamani katika mwambao ni fimbo ya mtu mwenye heshima zake, ingawa wanafunzi waliochapwa huikumbuka kwa sababu nyingine. Jambia nalo halifai badala ya upanga, maana limepinda na haliwezi kuingia katika fimbo iliyonyooka.

Hadhari inahitajika kwenye wingi. Upanga katika wingi ni panga, na “bakora za panga” humpeleka msomaji kwenye panga la kufyekea shambani. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kuandika bakora za upanga, neno la pili likibaki katika umoja. Mtindo huohuo unazaa bakora ya kisu, na bakora ya bunduki, ambayo kampuni ya Remington ya Marekani iliitengeneza katika karne ya 19.

Nchini Uingereza, bakora ya upanga imo katika orodha ya silaha zilizopigwa marufuku mwaka 1988. Zilizotimiza zaidi ya miaka 100 zimeachwa nje ya katazo hilo kama vitu vya kale.