Sauti ya Kufundishwa: Claude Rains Jukwaani na Katika Sinema

Katika historia ya mchezo wa kuigiza wa Kiingereza wako wachezaji waliosifiwa kwa uzuri wa sura, na wako waliosifiwa kwa ukubwa wa nafasi walizopewa. Claude Rains hakuhesabiwa miongoni mwa hao wala hawa. Alikuwa mfupi wa kimo, na katika filamu nyingi alipewa nafasi ya pili au ya tatu, mara kwa mara ya mtu mwovu au mwenye moyo wa pande mbili. Kilichomwinua ni sauti yake, na sauti hiyo hakuzaliwa nayo. Kwa hiyo maisha yake yanamletea mwanafunzi wa lugha swali linalostahili kupimwa: je, usemaji mzuri ni urithi wa mtu, au ni ufundi unaofundishika kama useremala?

Rains alizaliwa tarehe 10 Novemba 1889 katika mitaa ya London iliyo kusini ya mto Thames. Baba yake, Fred Rains, alikuwa mchezaji, lakini nyumba ilikuwa ya kimaskini, na mtoto aliacha shule mapema. Alisema kwa lafudhi nzito ya Cockney, yaani ya watu wa kawaida wa mji ule. Tena alikuwa na kitembe, hata sauti ya r ikamtoka kama w. Akiwa na umri wa miaka kumi alikwisha kupanda jukwaani, kisha akawa mtumishi katika jumba la michezo la Herbert Beerbohm Tree, kazi yake kuwaita wachezaji zamu zao zilipowadia. Tree ndiye mwanzilishi wa chuo cha uigizaji kilichofunguliwa London mwaka 1904, ambacho baadaye kilijulikana kama Royal Academy of Dramatic Art. Aliona kipawa cha kijana huyu, akamlipia mafunzo ya matamshi. Kitembe kikaondoka, na lafudhi ya mtaani ikaondoka pamoja nacho.

Yafaa kutenganisha mambo hayo mawili. Kitembe kilikuwa kizuizi cha ulimi. Lafudhi haikuwa kasoro yoyote, ila katika jukwaa la siku zile aliyesema Cockney alikuwa wa kuchekesha au wa kutumikia, wala hakukubalika kwa urahisi kuwa mfalme au bwana. Rains alilipa bei hiyo, akapita mlangoni.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ufaransa katika kikosi cha London Scottish. Huko alidhurika kwa gesi ya sumu, akapoteza karibu uwezo wote wa kuona kwa jicho moja. Aliingia vitani askari wa kawaida, akatoka na cheo cha kapteni. Miaka ya 1920 alirudi jukwaani, akafundisha pia katika chuo kile alichokianzisha Tree; miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa John Gielgud na Charles Laughton. Hivyo mtoto aliyeshindwa kutamka r aliwafundisha usemaji watu ambao baadaye walihesabiwa kuwa mabingwa wa lugha yao. Kisha alihamia Marekani, akacheza New York katika kundi la Theatre Guild.

Wakati huo sinema ilikuwa imebadilika. Tangu mwaka 1927, ilipotokea filamu ya The Jazz Singer, picha zilianza kusema, na watengenezaji wakawatafuta watu wa jukwaani waliojua kutamka. Mwaka 1933 Rains aliingia Hollywood kwa filamu ya The Invisible Man, iliyoongozwa na James Whale. Alikuwa anakaribia miaka 44. Mtu anayeigizwa humo haonekani: uso umefungwa bandeji au haupo kabisa, na watazamaji humwona mwishoni tu, anapokufa. Kiburi, wazimu, kicheko na upweke wake vyote vilibebwa na sauti. Pengine hakuna filamu nyingine ya zama zile iliyoutegemea ufundi wa msemaji kiasi hicho.

Filamu tatu zilizofuata zinatupa ushahidi mwingine. Katika Mr. Smith Goes to Washington (1939) yeye ni seneta wa Marekani aliyeuza heshima yake. Katika Casablanca (1942) ni kapteni Mfaransa wa polisi nchini Moroko. Katika Notorious ya Alfred Hitchcock (1946) ni mfuasi wa Wanazi anayeishi Brazil. Hakuiga lafudhi ya Kifaransa wala ya Kijerumani. Watu wote watatu aliwasemea kwa Kiingereza kile kile alichofundishwa London. Hata hivyo hakuna anayewachanganya. Tofauti yao imo katika mwendo wa maneno, katika pumzi, katika kituo kinachowekwa kabla ya neno zito, na katika kushusha sauti mahali ambapo mchezaji mwingine angepaza. Kapteni hutupa maneno kama mtu anayecheza karata. Seneta huyavuta kama aliyebeba mzigo.

Filamu hizo tatu, pamoja na Mr. Skeffington (1944), zilimfanya ateuliwe mara nne kugombea tuzo ya Oscar, naye hakuipata hata mara moja. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kwao Rains palikuwa jukwaani, na huko alitunzwa: mwaka 1951 alipata tuzo ya Tony kwa mchezo wa Darkness at Noon. Aliendelea na filamu, ikiwemo Lawrence of Arabia (1962), hata alipofariki tarehe 30 Mei 1967 katika jimbo la New Hampshire.

Basi jibu la swali letu lina sehemu mbili. Usemaji ni ufundi, nao hufundishika, kwani Rains aliupokea kwa mwalimu akaupitisha kwa wanafunzi. Lakini lafudhi ya mabwana ilimpa ruhusa ya kuingia tu. Uzuri ulitoka katika pumzi, kituo na kipimo, mambo ambayo msemaji wa lafudhi yoyote aweza kuyamiliki, akipata mwalimu na akifunguliwa mlango.