Kabla ya Stima, Betri

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Ukiwa Bombolulu wakati kama huo, hutafuti mshumaa kwanza. Watazama simu: mtandao upo? Ukiwepo, mama wa viazi karai atalipwa kwa M-Pesa. Usipokuwepo, pesa unazo na huna.

Kinachoamua ni kibanda cha chuma chini ya mnara wa simu, hiyo busta tunayoipita kila siku. Mitambo imo, betri zimo, mtu hamna.

Betri hizo zina ukoo mrefu kuliko stima yenyewe. Mwaka 1890 kebo ya telegrafu kutoka Zanzibar ilifika Mombasa. Telegrafu iliendeshwa kwa betri za kemikali, zikihudumiwa kwa mkono. Stima ya mji ilisubiri hadi 1908, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alipochukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar. Miaka 18 baadaye, hebu fikiria.

Zikaja simu za waya. Waulize wazee: stima ikipotea, simu ya mezani bado ililia. Ilikula umeme wa betri za volti 48 kule eksichenji, uliopita kwenye waya uleule wa sauti. Fundi alikuwa hapohapo, akipima na kuongeza maji. Busta ilirithi volti 48. Fundi haikumrithi.

Na gridi haina huruma. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma kule Gitaru, kwenye mabwawa ya Mto Tana, na nchi nzima ikazima. (Tumbili alipona.) Pwani tuna mitambo yetu ya Kipevu, Changamwe, mmoja wao wa megawati 120, lakini gridi ni moja, ikianguka, twaanguka nayo.

Tangu kebo za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa 2009, seva zimeanza kusogea karibu na watumiaji, na wahandisi sasa wanataka kuziweka hata kwenye vibanda visivyo na mtu. Hapo ndipo ukoo wa simu unarudi. Mfumo wa kawaida hugeuza umeme kwenda kwenye betri, kuurudisha, kisha seva huugeuza tena. Kila mgeuzo hupotea kiasi kama joto, na joto Mombasa lataka kiyoyozi, ambacho nacho chala stima. Mwaka 2016 Google walipeleka muundo wa rafu za seva za volti 48 kwa Open Compute Project. Watu wa simu walikuwa hapo zamani!

Joto ndilo adui mkubwa kuliko giza. Betri ya risasi hupimwa kwa nyuzi 25; kila nyuzi 10 zaidi, maisha yake hupungua takriban nusu. Kibanda cha bati mwezi wa Machi, kiyoyozi kimekufa, hakuna wa kugundua. Lithiamu ya chuma na fosfati huvumilia zaidi, na kifaa chake chaweza kutuma habari za hali yake. Dizeli nayo yaita wezi.

Kwa hiyo hesabu huanzia barabarani: fundi akitoka kisiwani, avuke daraja la Nyali kwenye foleni, ni saa ngapi? Kibanda cha kilowati 2 kwa saa 8 chataka kilowati-saa 16, na hapo kiyoyozi bado hujakihesabu.