Siku Mbili za Pasaka, Meza Moja ya Bwana

Tangu tulipofundisha redioni juu ya Walawi 23, swali moja linarudi kila juma: je, Mkristo ashike Pasaka ya Wayahudi, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda? Wengine wanauliza kwa amani. Wengine wanauliza kwa sababu nyumba imegawanyika: mke amefundishwa kwamba asiyezishika hataokoka, mume anamwambia amerudi chini ya sheria, na watoto hawajui wamfuate nani. Swali hili ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Tutazame namna lilivyowasumbua waliotutangulia.

Katika Matendo 15 mitume waliwaandikia waamini wa mataifa wajiepushe na vitu vya sanamu, damu, nyama iliyosongolewa na uasherati. Hakuna sikukuu hata moja katika barua ile. Lakini Paulo, mmoja wa walioipeleka, ndiye yuleyule ambaye katika Matendo 20:16 anaharakisha afike Yerusalemu kwa siku ya Pentekoste. Hakuionea aibu sikukuu ya taifa lake. Aliwapinga wale waliotaka kuwabebesha Wagalatia siku na miezi kama sharti. (Na sisi tunaoitwa Wapentekoste tukumbuke jina letu limetoka wapi.)

Sasa twende Smirna, mji wa Ufunuo 2, ambao leo unaitwa Izmir, katika Uturuki. Askofu wake alikuwa Polikarpo, mzee aliyefundishwa na Yohane. Makanisa ya Asia yalishika Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, siku Wayahudi walipochinja mwana-kondoo, hata ikiangukia Jumanne au Alhamisi. Roma hawakuishika tarehe ile. Kwao mfungo uliishia Jumapili, siku ya ufufuko. Fikiri basi: kanisa moja lingali limefunga, lingine limekwisha kufungua na linashangilia.

Karibu mwaka wa 155, Polikarpo, akiwa amepita miaka 80, akasafiri hadi Roma kwa askofu Aniseto. Wakazungumza. Polikarpo akasema hawezi kuacha desturi aliyoishika pamoja na Yohane na mitume wengine. Aniseto naye akasema hawezi kuacha desturi ya wazee waliomtangulia. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na kila mmoja alikuwa na sababu nzito. Basi Aniseto alifanya nini? Alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza Chakula cha Bwana katika kanisa lake mwenyewe. Wakaagana kwa amani.

Habari hii tumeipata kwa Ireneo, aliyemsikia Polikarpo utotoni mwake na baadaye akawa askofu wa Lyon, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Aliiandika kwa sababu, karibu mwaka wa 190, Viktori, askofu wa Roma, alitaka kuyatenga makanisa yote ya Asia kwa ajili ya tarehe. Polikrati wa Efeso alimjibu kwamba ana miaka 65 katika Bwana na hatishiki. Ireneo mwenyewe alishika Jumapili kama Viktori, lakini ndiye aliyemkemea Viktori, akimkumbusha Aniseto. (Anayekuambia kwamba Pasaka ya Jumapili ilibuniwa na Konstantino, mwambie Roma waliishika zaidi ya miaka 100 kabla yake.)

Mwaka 325, Nikea, ikaamuliwa wote washike Pasaka pamoja. Umoja huo mimi siulaumu. Ninaloliona baya ni barua ya Konstantino baada ya mkutano, iliyojaa dharau kwa Wayahudi. Mwaka 386, huko Antiokia, Wakristo walikuwa wakienda sinagogi kusikia baragumu na kushiriki sikukuu. Yohane Krisostomo akahubiri dhidi yao, na mahubiri manane tunayo hadi leo. Alikuwa na haki ya kuwalinda kondoo wake. Hakuwa na haki ya kulitukana taifa alikozaliwa Bwana wetu, na matusi yale yalitumiwa na wachukia Wayahudi karne nyingi baadaye. Wewe unayezipinga sikukuu hizi leo, soma Warumi 11 kwanza.

Kwa hiyo ninawajibu wasikilizaji hivi. Ndugu akijenga kibanda nyuma ya nyumba yake siku saba, akamshukuru Mungu humo pamoja na watoto, Warumi 14 inamruhusu, na Jumapili ataketi Mezani pamoja nasi kama kawaida. Asiyejenga asicheke, wala asiitwe mpagani. Lakini akianza kufundisha kwamba jirani asiye na kibanda hana wokovu, hapo wazee wa kanisa watamwita, waketi naye, na wafungue pamoja Matendo 15 na Wakolosai 2:16. Na mke na mume walioniandikia wasingoje wazee: wasome sura hizo mbili nyumbani jioni, watoto wakiwapo.