Aliyejiua anaenda wapi? Dini hazijawahi kusema kwa sauti moja

Wadau, kuna kauli huwa haikosekani kwenye msiba wa mtu aliyejiua. Maiti bado iko mochwari, watu wamekaa chini ya turubai, mmoja anashusha sauti: "Huyo hana chake tena, ni moto moja kwa moja." Siku hizi hata turubai halisubiriwi. Picha ya marehemu ikitupiwa tu mtandaoni, mmoja anaandika apumzike kwa amani, anayefuata anamjibu kwamba huko alikoenda hakuna amani. Mama mzazi naye ana simu. Anasoma yote.

Kauli hiyo inatamkwa kana kwamba imeandikwa hivyo tangu dunia kuumbwa. Leo tuifuatilie ilikotoka, maana historia yake ina mambo ambayo wengi wetu hatukuambiwa, si madrasa wala kwenye mafundisho ya Jumapili.

Biblia inasimulia visa, hukumu haitaji

Biblia ina visa kadhaa vya watu waliojitoa uhai. Mfalme Sauli alifanya hivyo vitani, alipoona Wafilisti wanakaribia kumkamata. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuchukua mwili wake, wakaizika mifupa yake, wakafunga siku 7. Daudi, ambaye Sauli alimwinda kwa muda mrefu, alimlilia hadharani.

Yuko pia Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyemgeuka bosi wake. Kitabu cha Pili cha Samweli kinasema alijiua, kisha akazikwa katika kaburi la baba yake. Basi, hakuna la ziada. Yuda Iskariote ndiye anayetajwa sana, lakini lawama kubwa aliyobebeshwa ni ya usaliti. Pitia kurasa zote, hutakuta mstari unaosema wazi kwamba kila aliyejiua yuko motoni.

Sasa ukali ulitoka wapi?

Mwafrika aliyekuwa anawatetea walio hai

Twende Afrika Kaskazini, karne ya 5. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Mwaka 410 jeshi la Wavisigothi liliuteka mji wa Roma na kuupora. Wanawake wengi walibakwa. Baada ya hapo wakaanza kusemwa: mbona hawakujiua kulinda heshima yao? Warumi walikuwa na hadithi yao ya zamani ya Lucretia, mwanamke aliyejiua baada ya kubakwa, na walimsifu kama shujaa.

Augustino alijibu katika kitabu chake maarufu, *Mji wa Mungu*. Hoja yake kwa lugha yetu ya mtaani: aliyebakwa hana kosa, kosa ni la aliyembaka, kwa hiyo hana deni la kulipa kwa uhai wake. Amri ya usiue inamhusu mtu mwenyewe pia. Palepale alikuwa na vita nyingine na Wadonati, kundi la Wakristo wa Afrika Kaskazini ambalo baadhi ya wafuasi wake walikitafuta kifo kwa makusudi ili waitwe mashahidi.

Shika hapo, maana ndipo mambo yalipoanzia. Katazo hili lilitolewa na mtu aliyekuwa anawaambia wanawake walioumizwa: ishi, huna hatia.

Baada ya muda, katazo likahama kutoka kwa walio hai likahamia kwenye maiti. Mwaka 561 maaskofu waliokutana Braga, katika Ureno ya leo, waliamua kwamba aliyejiua asikumbukwe kwenye ibada wala asisindikizwe kaburini kwa zaburi. Karne ya 13 Tomaso wa Akwino akapanga hoja 3: kujiua ni kwenda kinyume na maumbile ya kujipenda, ni kuikosea jamii, na ni kumpokonya Mungu haki yake, maana uhai ni mali yake. Akaongeza kwamba hatari yake kubwa ni kuwa muda wa kutubu haubaki.

Mwanzoni mwa karne ya 14 akaja Dante, mshairi wa Firenze. Katika *Inferno* aliwaweka waliojiua kwenye mduara wa 7 wa jehanamu, wamegeuzwa miti inayotoa damu ikivunjwa. Picha hiyo ilienea Ulaya. Lakini Dante huyohuyo, katika sehemu inayofuata ya kazi yake, alimweka Cato wa Utica kuwa mlinzi wa toharani, mahali pa watu wanaoelekea mbinguni. Na Cato alikuwa amejiua! Yaani hata fundi wa kuchora moto aliona kuna mtu mmoja asiyemfaa kumchoma.

Luther na msafiri wa porini

Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi yaliyozaa makanisa ya Kilutheri, aliulizwa suala hili mezani kwake mwaka 1532. Alisema haamini kwamba wote waliojiua wamelaaniwa. Aliwafananisha na msafiri anayeuawa na mnyang'anyi porini: hakutaka kufa, alizidiwa nguvu.

Lakini hapohapo akatahadharisha kwamba jambo hilo lisifundishwe kwa watu wa kawaida, shetani asije akapata upenyo. Unaona? Rehema ikabaki mezani, ukali ukapelekwa mtaani. Sisi huku mtaani tukarithi nusu ya maneno yake.

Upande wa Uislamu

Kwenye Uislamu hakuna mjadala kuhusu katazo. Sura An-Nisaa aya ya 29 inakataza watu kujiua, na inafunga kwa kukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye huruma kwao. Katika hadithi sahihi liko onyo kali kwamba adhabu ya aliyejiua itafanana na kitendo chake. Imepokewa pia na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti ya mtu aliyejiua na hakumswalia.

Wengi wetu tunaishia hapo. Ila kitabu hichohicho cha Sahihi Muslim kina kisa cha Tufayl bin Amr. Alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Yule mwenzake akaugua, maumivu yakamshinda, akajijeruhi mikono hadi akafariki. Baadaye Tufayl akamwona ndotoni akiwa katika hali nzuri, ila mikono ameifunika. Akamuuliza Mola amemfanyia nini. Akajibu kwamba amesamehewa kwa sababu ya kuhama kwake kumfuata Mtume, lakini ameambiwa kile alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamsimulia Mtume. Mtume akamwombea Mungu aisamehe na mikono yake.

Imamu Nawawi, aliyeifafanua Sahihi Muslim katika karne ya 13, aliitumia hadithi hiyo kuthibitisha msimamo wa Ahlu Sunna: aliyejiua ametenda dhambi kubwa, lakini hatoki kwenye Uislamu kwa kitendo hicho. Hukumu yake iko mikononi mwa Mungu, akitaka anaadhibu, akitaka anasamehe. Ndiyo maana wanazuoni wengi wanasema anaoshwa, anavikwa sanda, anaswaliwa na anazikwa makaburini na wenzake. Wapo walioona kiongozi au imamu mkubwa ajizuie kumswalia, ili liwe onyo kwa wengine, na waumini wengine wamswalie.

Rudia sentensi hiyo taratibu. Imamu anajizuia kwa ajili ya walio hai. Waumini wanaswali kwa ajili ya aliyekufa. Sauti mbili, kazi mbili.

Njia panda

Shida ni kwamba wanadamu tunapenda ile sauti ya kwanza tu, tena tunaipeleka mahali pasipo pake.

Uingereza kwa karne kadhaa, mtu ambaye mahakama ya uchunguzi ilisema amejiua akiwa na akili timamu alizikwa usiku, njia panda, bila padri, na mali yake ikachukuliwa na mfalme. Marehemu alikuwa haumii tena. Aliyeumia ni mjane na watoto. Ndiyo maana kufikia karne ya 18 wazee wa baraza waliosikiliza kesi hizi mara nyingi walitamka kwamba marehemu hakuwa na akili timamu, na hapo familia ikaokoka. Watu walishachoka na sheria kabla sheria yenyewe haijabadilika. Mwaka 1823 bunge likapiga marufuku maziko ya barabarani: azikwe kwenye uwanja wa makaburi, ila kati ya saa 3 na saa 6 usiku, bila ibada. Hadi mwaka 1882 ndipo ikaruhusiwa kuzika saa yoyote.

Na tusidhani ni Wazungu peke yao. Mmisionari John Roscoe, aliyeandika kuhusu Buganda mwaka 1911, anaeleza kwamba mwili wa aliyejiua ulipelekwa mbali na makazi, kwenye njia panda, ukateketezwa. Wanawake wakipita hapo walitupa nyasi au vijiti, ili mzimu usiwaingie ukazaliwa tena. London na Buganda hawakuwa wamekaa kikao. Hofu ni ileile: tusimpe njia ya kurudi nyumbani.

Wenye ukali walipoanza kulegeza

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya kikanisa mtu aliyejiua kwa kukusudia. Ilipoandikwa upya mwaka 1983, kipengele hicho hakikuwemo tena. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 bado inasema kujiua ni kosa zito. Lakini inasema pia kwamba matatizo makubwa ya kisaikolojia, uchungu au hofu kali hupunguza wajibu wa mtu juu ya alichokitenda, na kwamba tusikate tamaa kuhusu wokovu wao, maana Mungu ana njia anazozijua mwenyewe. Kanisa linawaombea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Wakatoliki hawamwombei aliyejiua, huyo yuko nyuma kwa miaka mingi.

Serikali nazo zilichelewa. Uingereza ilifuta kosa la kujiua Agosti 1961. Miezi michache baadaye, Desemba 9 mwaka huohuo, Tanganyika ikapata uhuru ikiwa na kosa la kujaribu kujiua ndani ya Kanuni yake ya Adhabu, kifungu cha 217. Aliyetuletea sheria akaivua kwake, sisi tukabaki tumeivaa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu chake cha 226, hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na katiba.

Sasa je, tukisema Mungu anasamehe si tunafungulia watu mlango?

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika swali hilo. Ni swali la haki, hata Luther lilimtia wasiwasi.

Jibu langu ni hili. Onyo libaki, na libaki kali. Uhai ni amana, hakuna dini kati ya hizi inayosema vinginevyo, na hakuna kati yake inayomwahidi mtu kwamba akifupisha maisha yake atakuta raha. Ila onyo ni dawa ya aliye hai. Kumsomea maiti onyo ni kumnywesha dawa mtu ambaye hayupo, na anayeimeza ni mama yake, mjane wake, mtoto anayekwenda shule Jumatatu.

Pia kuna mwingine anasikiliza. Kwenye lile kundi lililokaa chini ya turubai, au linalosoma maoni chini ya picha, huenda yupo mtu ambaye wiki nzima hajalala kwa mawazo kama ya marehemu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Akisikia tunavyomwita marehemu mwoga, mlaaniwa, mtu wa shetani, hatapona kwa hofu hiyo. Atajifunza jambo moja tu: hapa usiseme. Na akinyamaza hatuna tena pa kumshikia.

Kwa hiyo mtu akikwambia amechoka kuishi, usikimbilie kumtajia moto. Kaa naye. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Usimwache peke yake, msindikize hospitali, kwa mshauri, kwa shehe, padri au mchungaji mwenye busara. Na kama ni wewe unayesoma hapa na yako yamekufika shingoni, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa meseji. Hali hii inatibika, na wengi waliowahi kufika hapo wako nasi leo, wanakula bata na kulalamikia bando.

Kuhusu aliyekwisha kutangulia, wazee wa dini zetu, baada ya ukali wao wote, waliishia kusema mwamuzi ni mmoja. Sisi kazi yetu ni kubeba jeneza, kuosha vyombo vya msiba na kumshika mama mkono.

Wewe kwenu misiba ya namna hii huwa inaendeshwaje? Tiririka hapo chini, ila kumbuka mama naye anasoma.