Montserrat

Montserrat ni kisiwa kidogo cha Karibi, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 102 hivi, kilicho chini ya Uingereza. Volkeno yake, Soufrière Hills, iliamka Julai 1995 baada ya kulala kwa karne kadhaa. Tarehe 25 Juni 1997 wingu zito la gesi moto, majivu na mawe liliporomoka mlimani na kuua watu 19. Mwaka huohuo mji mkuu, Plymouth, uliungua na kufukiwa, na hatimaye takriban theluthi mbili ya wakazi wakahama kisiwa. Huo ni msiba ambao hesabu ya vifo pekee haiuelezi: waliobaki walilazimika kuanza maisha upya kaskazini, penye miti na usalama.

Wageni wengi hufika kwa ndege ndogo kutoka Antigua. Kituo cha uangalizi wa volkeno hufuatilia mlima usiku na mchana. Kusini ni eneo lililozuiliwa. Magofu ya Plymouth huonekana kutoka vilima vya jirani, na kuyaingia kunahitaji kiongozi aliyeidhinishwa. Mgeni aulize kwanza kiwango cha tahadhari, kwani mipaka hubadilika kulingana na hali ya mlima.